Athens au Sparta: uanze na upi ukitaka kuwajua Wagiriki wa kale?

Mwaka 490 KK jeshi la Waajemi lilishuka katika ufuko wa Marathon, kama kilomita 40 kutoka Athens. Waathene wakamtuma tarishi, mtu aliyezoea kukimbia safari ndefu, aende Sparta kuomba msaada. Ni kilomita zipatazo 240 za milima na mabonde, na mwanahistoria wa kale Herodotus anasimulia kwamba alifika kesho yake. Wasparta wakamsikiliza, wakakubali kuja. Ila si leo. Mwezi ulikuwa na siku tisa tu tangu kuandama, na desturi yao haikuwaruhusu kutoka mpaka uwe mpevu. Waathene wakapigana bila wao, wakashinda. Baadaye Wasparta 2,000 wakawasili kwa mwendo wa haraka, vita vimekwisha. Wakaomba waonyeshwe maiti za Waajemi, wakazitazama, wakawasifu wenyeji wao kwa kazi nzuri, wakageuza njia kurudi kwao.

Mtu anayetaka kuanza kuwasoma Wagiriki wa kale kwa kawaida hupewa orodha ya miungu: Zeus na radi yake, Poseidon na bahari, Athena na bundi wake. Anaikariri, na baada ya wiki mbili ameisahau. Ushauri wangu ni tofauti. Chagua mji mmoja, ukae nao, uwaone wakazi wake wakichinja, wakigombana mahakamani, wakioa, wakizika. Miungu itakuja yenyewe, kila mmoja na mahali pake.

Lazima uchague kwa sababu nchi moja iliyoitwa Ugiriki haikuwapo. Ilikuwapo miji-dola, na wanaoihesabu huvuka 1,000, mingi ikiwa midogo, kila mmoja na sheria zake, kalenda yake na jeshi lake. Wenyewe waliuita mji wa namna hiyo polis, na ndiko lilikoanzia neno letu polisi, baada ya kuzunguka sana Ulaya. Katika miji yote hiyo, iliyoacha sifa kubwa kuliko mingine ni miwili, Athens na Sparta, na watu wengi husimama hapo njia panda.

Kiswahili chenyewe, kwa bahati, kina upendeleo. Biblia zetu zinawaita Wagiriki Wayunani. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni Waionia, yaani Wagiriki waliokaa pwani ya nchi inayoitwa leo Uturuki. Waathene walijihesabu kuwa ndugu wa Waionia. Wasparta walikuwa Wadori, ukoo mwingine, lahaja nyingine. Kwa hiyo kila tunaposema Myunani, bila kujua, tunamtaja jamaa wa Mwathene.

Nani anasimulia?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na mara nyingi halitajwi. Athens imejisemea. Imeacha tamthilia, hotuba za mahakamani, maagizo ya serikali yaliyochongwa kwenye mawe, hesabu za hazina ya hekalu, na magae. Hayo magae nayapenda kuliko vyote. Katika karne ya tano KK Waathene waliweza kumfukuza mwanasiasa mjini kwa miaka 10, bila mashtaka na bila kumnyang'anya mali. Kila raia alichukua kipande cha chungu kilichovunjika, akakwaruza jina la mtu asiyemtaka, akakitumbukiza. Kura zikitimia 6,000, mwenye jina lililotajwa zaidi alifungasha mizigo ndani ya siku 10. Wachimbaji wa mambo ya kale wameyapata magae hayo zaidi ya 10,000. Katika kisima kimoja kando ya kilima cha Akropolis yalikutwa 190 hivi, karibu yote yameandikwa jina la Themistocles, shujaa wa vita vya baharini dhidi ya Waajemi. Walipochunguza miandiko, wakakuta ni mikono ya watu 14 tu. Mtu alikaa na wenzake wakaandaa kura mapema, tayari kuwagawia wapita njia. Sidhani kama msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kuelezwa zaidi.

Sparta, kinyume chake, imenyamaza. Tuna mabaki ya mashairi ya washairi wake wawili, Tyrtaios na Alkman wa karne ya saba KK, kisha kimya karibu kizima. Wanaotuambia habari zake ni wageni. Herodotus alitoka Halikarnassos, Thucydides alikuwa Mwathene aliyepigana nao, Xenophon alikuwa Mwathene aliyewahusudu na akapewa nao shamba la kuishi, na Plutarch, ambaye ndiye mwenye visa vitamu kuliko wote, aliandika karibu mwaka 100 BK, miaka zaidi ya 500 baada ya Marathon. Thucydides aliliona jambo hili mapema. Alisema Sparta ikibaki gofu, watu wa baadaye wakiangalia misingi ya majengo yake hawataamini kwamba ilikuwa na nguvu, lakini wakiyaona magofu ya Athens wataidhania nguvu mara mbili ya zile ilizokuwa nazo. Nenda leo uone. Hekalu la Parthenon limesimama juu ya mji. Sparta ya sasa ni mji uliojengwa upya kuanzia 1834, na ya kale ni mawe yaliyotawanyika katikati ya mizeituni.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa kutaka kusikia sauti za watu wenyewe, shauri limekwisha: anza Athens. Ukianza Sparta utakuwa unasikiliza habari za jirani kutoka kwa jirani. Nasema hivi nikijua kuwa wengi wamevutwa na filamu za wanaume 300 na ngao zao. Hakuna ubaya kuvutwa. Ila ujue unachonunua.

Namna ya kuamua mambo

Athens baada ya mageuzi ya mwanasiasa Kleisthenes ya 508 KK ilikuwa mji wa bahati nasibu. Baraza la watu 500 lilijazwa kwa kura ya kuokota, 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10 ambayo Kleisthenes aliyaunda upya. Waamuzi wa mahakama, 6,000 kwa mwaka, vivyo hivyo. Uchaguzi wa kupigia mtu kura waliuwekea kazi kama za ujemadari, maana hapo hawakutaka kubahatisha. Mkutano mkuu ulikaa kwenye kilima cha Pnyx, na yeyote aliyekuwa raia aliweza kupanda akasema. Watu walipochelewa sokoni, watumishi wa mji walitanda na kamba iliyopakwa rangi nyekundu wakiwasukuma kuelekea mkutanoni, na aliyeonekana na doa jekundu kwenye nguo alichekwa.

Sparta ilikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja, kutoka koo mbili, na waefori watano waliochaguliwa kila mwaka kuwachunga wafalme hao. Halafu lilikuwapo baraza la wazee: watu 28 waliovuka miaka 60, pamoja na wafalme wawili. Jinsi mzee alivyochaguliwa ni kitu cha kutazamwa. Kwa maelezo ya Plutarch, waamuzi walifungiwa chumbani wasione nje. Wagombea walipita mmoja mmoja mbele ya umati, kimya, na umati ukampigia kila mmoja kelele. Wale wa ndani waliandika tu: wa kwanza kelele kiasi hiki, wa pili kiasi hiki. Aliyepigiwa kelele kubwa kuliko wote ndiye mzee, mpaka kufa kwake. Aristotle aliuita utaratibu huo wa kitoto. Mimi naona una ujanja, maana mwamuzi hakujua anayeshangiliwa ni nani.

Kwa mwanafunzi wa siasa, Athens ina mengi ya kushika mkononi. Sparta ina fumbo moja zuri, la jinsi mji wa wafalme ulivyoweza kuwadhibiti wafalme wake, na ukimaliza hilo huna pengine pa kwenda.

Dini, na hapa nabadilisha ushauri

Kwanza uondoe mawazo ya msikiti na kanisa. Wagiriki hawakuwa na kitabu kitakatifu wala shahada ya imani, wala hawakuwa na tabaka la makasisi. Anayekaribia dini yao kati ya vitu tunavyovijua ni mtu anayetambika. Unampeleka mnyama kwenye madhabahu iliyoko nje, mbele ya hekalu. Unamnyunyizia maji kichwani ili atikise, kama anakubali. Anachinjwa, mifupa ya paja inafungwa kwa mafuta na kuchomwa, moshi unapanda kwa mungu. Nyama mnakula ninyi. Watu wengi walionja nyama ya ng'ombe siku hizo za sikukuu, na zaidi ya hapo ni nadra. Hekalu lenyewe lilikuwa nyumba ya sanamu na ghala la mali. Hawakuingia humo kusali kwa pamoja.

Hayo yalikuwa mamoja kote. Miji yote miwili ilimwabudu Athena, kila mmoja akiwa na hekalu lake juu ya kilima chake. La Sparta liliitwa Nyumba ya Shaba. Yote miwili ilituma wajumbe Delphi kumuuliza Apollo kupitia mwanamke aliyeitwa Pythia, na yote miwili ilikwenda Olympia kwenye michezo ya Zeus ambayo kwa hesabu ya jadi ilianza 776 KK.

Tofauti iko katika uzito. Athens iliifanya dini kuwa fahari. Katika sikukuu ya Panathenaia maandamano yalipita katikati ya mji yakimpelekea mungu-mke vazi lililofumwa na wanawake. Parthenon ilianza kujengwa 447 KK na kukamilika 432, na ndani yake mchongaji Pheidias alisimamisha sanamu ya Athena ya dhahabu na pembe za ndovu. Dhahabu ile ilitengenezwa iweze kubanduliwa, na kiongozi wao Pericles aliwakumbusha Waathene kwamba vita vikibana wanaweza kuikopa, mradi wairudishe. Tamthilia pia zilikuwa ibada ya Dionysos, mungu wa divai, na mwaka 405 KK mtunzi wa vichekesho Aristophanes alimleta jukwaani mungu huyohuyo akiwa mwoga wa kuchekesha, katika sikukuu yake mwenyewe, na akapewa tuzo ya kwanza. Miaka sita baadaye, 399, mahakama ya mji huohuo ilimhukumu mwanafalsafa Socrates anywe sumu kwa kosa la kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Kucheka na mungu ilikuwa sawa, kuuliza maswali kukawa kosa. Ukilielewa hilo umeielewa dini ya Athens, na mimi bado linanisumbua.

Lakini ukitaka kuona dini ikimshika mtu shati, nenda Sparta. Mfalme alipotoka na jeshi alichinja kwanza nyumbani, kisha mtu akaubeba moto wa madhabahu ile mpaka mpakani, na hapo mfalme akachinja tena. Dalili zikiwa mbaya, jeshi zima liligeuka. Si hadithi za kale hizi. Thucydides ametaja zaidi ya mara moja katika siku zake jeshi la Sparta likirudi nyumbani kutoka mpakani kwa sababu hiyo. Huko Plataia mwaka 479 KK mishale ya Waajemi ilikuwa inawanyeshea, na kamanda Pausanias bado anachinja mnyama baada ya mnyama akitafuta dalili njema. Askari wamekaa nyuma ya ngao, wengine wanakufa palepale, hawajaruhusiwa kusogea. Dalili ilipokubali, ndipo wakainuka, na wakalivunja jeshi lile. Hata wale 300 wa mfalme Leonidas walitangulizwa kwenye njia nyembamba ya Thermopylae kuwazuia Waajemi wakiwa wachache, kwa maelezo ya Herodotus, kwa sababu Sparta ilikuwa katika sikukuu ya Karneia ya Apollo. Jeshi kamili lingefuata ikiisha.

Ndiyo maana mtu akiniambia anachotafuta ni dini, simpeleki Athens. Huko ataona sanaa, na sanaa itamlevya kabla hajaona imani. Sparta ya mwezi mpevu na moto wa kubebwa itamfundisha haraka zaidi kwamba kwa watu hawa miungu ilikuwa na kauli katika ratiba ya kazi. Kuna tahadhari moja. Kisa maarufu cha vijana kupigwa viboko mbele ya madhabahu ya Artemis Orthia kimekuja kwetu kikiwa kimetiwa chumvi na enzi za Warumi, ambapo watu walikuwa wakija kutazama, mpaka wakajengewa mahali pa kukaa kuizunguka madhabahu. Sparta wakati huo ilikuwa inaishi kwa kuuza jina lake. Yaliyofukuliwa hapo kutoka zamani zaidi ni mapya machoni: sanamu ndogo za risasi zaidi ya 100,000, nyingi si kubwa kuliko kidole, za askari, za farasi, za wanawake, za mashada. Mtu wa kawaida alikuja, akaacha kake, akaondoka.

Wanawake na watumwa

Kuhusu wanawake, Athens inakatisha tamaa. Binti aliolewa akiwa na miaka 14 hivi, na mume mara nyingi alikaribia 30. Mali yake ilisimamiwa na baba, mume au mwana. Msemaji mahakamani aliona ni ukosefu wa adabu kumtaja kwa jina mwanamke wa watu aliye hai. Sparta msichana alikimbia na kupiga mieleka hadharani, akachelewa kidogo kuolewa, na akarithi ardhi. Aristotle alilalamika kwamba karibu sehemu mbili katika kila tano za nchi zilikuwa mikononi mwa wanawake. Kyniska, dada wa mfalme Agesilaos, alikuwa na farasi walioshinda mbio za magari Olympia mwaka 396 na 392 KK, akasimamisha pale maandishi ya kujisifu. Huko Athens mwanamke wa namna hiyo asingejulikana hata jina.

Usishangilie upesi. Uhuru huo ulilimiwa na waheloti, watu wa Messenia na Lakonia waliotekwa katika ardhi ya babu zao na kufanywa mali ya dola. Plataia, kwa hesabu ya Herodotus, kila Msparta alikuwa na waheloti saba nyuma yake: Wasparta 5,000, waheloti 35,000. Kila mwaka waefori walipoingia kazini waliwatangazia waheloti vita rasmi, ili kuwaua isiwe najisi. Tazama hapo dini inavyofanyishwa kazi. Na Thucydides ana kisa kinachoganda moyoni. Wasparta walitangaza kwamba waheloti waliojiona wameutumikia mji vizuri vitani wajitokeze wapewe uhuru. Wakachaguliwa 2,000. Wakavikwa mashada, wakazunguka mahekalu kushukuru. Muda si mrefu wakatoweka, na hakuna aliyejua kila mmoja alikufaje.

Athens haikuwa bora, ila ilinunua watumwa wake kutoka nje, kwa Wathrakia, Waskithi na wengineo, kwa hiyo hawakuwa taifa moja la kuweza kuinuka pamoja. Hata askari wa kulinda amani mkutanoni walikuwa watumwa wa Kiskithi wenye pinde. Fedha iliyojenga meli 200 za kuwapiga Waajemi ilitoka migodi ya Laurion, kwenye mahandaki ambayo mengi mtu mzima hasimami wima. Nikias, tajiri aliyesifika kwa ucha Mungu, alikuwa na watumwa 1,000 huko, akiwakodisha kwa oboli moja, sarafu ndogo ya fedha, kwa kichwa kwa siku. Anayesoma demokrasia ya Athens bila kushuka Laurion amesoma nusu.

Chagua hivi

Una muda mfupi, kitabu kimoja au viwili tu? Sparta. Inaelezeka: watoto wa kiume kuchukuliwa wakiwa na miaka 7, kulala juu ya matete waliyoyakata kwa mikono mtoni Eurotas, kula mchuzi mweusi wa damu ya nguruwe pamoja na wenzao, na chama cha chakula ambacho mtu aliingia tu kama hakuna mwanachama aliyebinya donge la mkate kumkataa. Na mwisho wake unaonekana wazi. Raia 8,000 wa mwaka 480 walipungua, kwa vita na kwa kushindwa kulipa mchango wa chakula, mpaka katika vita vya Leuktra mwaka 371 KK walikuwapo 700, wakafa 400. Miaka miwili baadaye Messenia ikawa huru.

Una mwaka mzima, au unafundisha, au unapenda maigizo, sheria au falsafa? Athens, bila kusita. Una swali la dini? Anza Sparta kwa mwezi mmoja, kisha hamia Athens ukiwa macho. Swali lako ni wanawake? Soma zote mbili kwa pamoja, sura kwa sura, maana kila mmoja unaumbua uongo wa mwenzake.

Na msomaji wa pwani ana mlango wa nyuma ambao wengine hawana. Katika karne ya kwanza BK mfanyabiashara mmoja kutoka Misri aliandika mwongozo wa mabaharia kwa Kigiriki, akateremka nao pwani yetu mpaka bandari aliyoiita Rhapta. Anataja pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa, na anaeleza kwamba bandari ilipata jina lake kutokana na vyombo vyake vya kushonwa. Rhapta kwa Kigiriki ni vilivyoshonwa. Sisi tulivijua kwa jina la mtepe hadi karne iliyopita. Kigiriki alichokiandika ni kile cha kawaida kilichoenea baada ya Aleksanda, na shina la Kigiriki hicho ni lahaja ya Athens.